Msamaha wa Kuazima

Mtu ni nani, ikiwa aliyemzaa hamjui?

Ghanima hakuwa mwanamke wa kukaa na maswali ya namna hii. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kupima ardhi huko bara, kusimika mawe ya mipaka na kuwaambia majirani waliokuwa karibu kutoana roho: lako linaishia hapa, la mwenzio linaanzia hapa. Alizoea vitu vyenye mwanzo na mwisho. Lakini asubuhi aliyofika katika mji ule wa pwani alikozaliwa, mji ambao wenyeji hawautaji jina bali huuita "hapa" tu, kana kwamba hapana pengine popote, mama yake alitoka mlangoni, akamtazama kuanzia viatu hadi mtandio, kisha akapaza sauti, "Mwanamvua! Mwanamvua shoga yangu, umekuja!" Swali lile likamkwama kooni kama mwiba wa samaki, na halikushuka wala halikutoka.

"Mimi Ghanima, mama."

"Ghanima yuko bara," alijibu Bi Raya kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni. "Ghanima ana kazi nyingi. Hapati nafasi ya kuja."

Ghanima alisimama na begi lake mkononi. Ilikuwa kweli. Miaka sita alikuwa hajaja.

Habari za huyo Mwanamvua alizijua kidogo sana. Alikuwa shoga wa mama yake wa ujanani, walipanda mwani pamoja kwenye maji mafupi, kamba zao zikipakana. Mwaka aliozaliwa Ghanima, Mwanamvua aliondoka na hakurudi tena. Utotoni Ghanima aliwahi kuuliza amekwenda wapi. "Kwao," alijibiwa, na papo hapo akatumwa dukani kununua chumvi ambayo ilikuwamo ndani tele.

Muuguzi wa zahanati alimweleza hali ilivyo bila kumficha. Ugonjwa wa kusahau ule hauna dawa, alisema. Utapungua siku moja, utazidi siku ya pili, na mwisho wake ni kuzidi. Kuhusu vidonda vilivyomtoka mama yake miguuni alisema visafishwe na visiachwe na unyevu, lakini wanawake wa mtaani wakasema apelekwe baharini kila asubuhi, kwani maji ya chumvi yamewaponya wengi. Ghanima aliwafuata wanawake. Alitaka kuwe na kitu, hata kimoja, ambacho mikono yake ingeweza kukifanya.

Basi kila asubuhi maji yakipwa, walishuka. Ghanima alimshika mama yake kiunoni, wakatembea polepole juu ya mchanga mgumu mpaka maji yanapoanza, wakaketi humo ndani na nguo zao, kanga zikielea pembeni mwao. Bi Raya akishaketi majini ulimi wake ulifunguka. Nyumbani alipotewa na maneno, akitafuta hata jina la kijiko, lakini majini alikuwa na miaka ishirini na minane, na maneno yalikuja bila kuitwa. Tena yalikuja yale yale kila siku, vipande vipande:

"Alikuja mtu, Mwanamvua. Wewe ulikuwa mbali kule, kwenye kamba zako. Kanzu yake ya kijivu, vumbi mpaka magotini. Akasema mama yake Mwanamvua yu taabani, anamtaja yeye tu, mwambie leo hii. Nikasema nitamwambia. Akanywa maji, akaenda zake.

"Nikasema nitamwambia jioni. Jioni ukaja umechoka, lakini ulinikanda miguu kwanza kabla ya kukaa. Nikasema kesho.

"Tumbo lilikuwa limeshuka. Nilikwishapoteza wawili. Wote wawili uliwazika wewe, unakumbuka? Mume yuko safarini, mkunga hana macho. Nikajiambia, Mwanamvua akiondoka, huyu wa tumboni naye anakwenda. Na mimi nakwenda naye.

"Kesho. Kesho. Siku tisa nilikula na wewe sahani moja na neno lako nimelikalia.

"Siku ya tisa nikajifungua mikononi mwako. Msichana. Ukamwosha, ukacheka, ukamwita Ghanima. Ndipo nikakwambia.

"Hukunitukana. Ulimlaza mtoto ubavuni pangu, ukajifunga kanga yako vizuri, ukatoka. Mpaka leo. Nisamehe, Mwanamvua."

Mara ya kwanza kuyasikia haya, Ghanima alihisi maji yamekuwa baridi ghafla. Alikuwa amekaa na mama yake kama msikilizaji wa habari za watu wengine, na ghafla akagundua kwamba katika habari hiyo yumo, tena ndiye sababu. Kwa ajili yake bibi kizee mmoja huko mbali alilala kitandani akitazama mlango. Tangu hapo hakupata raha. Alijiuliza: pumzi ninayoivuta niliikuta, au niliinyang'anya? Na kama niliinyang'anya kabla sijawa na mikono, nitairudisha kwa mikono gani? Angekuwa kazini, asingethubutu kupima shamba ambalo yeye mwenyewe ana sehemu ndani yake. Angemwita mpimaji mwingine. Hapa hapakuwa na mwingine. Palikuwa na bahari isiyokubali jiwe la mpaka, na mwanamke mgonjwa anayemtazama usoni akisema, nisamehe, nisamehe, kwa jina ambalo si lake.

"Mimi siye, mama," alijibu kila siku. Na kila siku Bi Raya alilia upya, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza kukataliwa.

Ghanima akaanza kumtafuta mwenye jina. Alirekodi sauti yake kwenye simu: "Anatafutwa Bi Mwanamvua binti Kombo, aliyewahi kulima mwani hapa. Raya mgonjwa. Anakuomba uje." Akaituma kwa wanawake aliowajua, nao wakaituma kwa wengine, sauti ikaenda zake bara mji hadi mji. Hakuna aliyejibu.

Huku nyuma siku zikaacha kufuatana. Bi Raya aliamka akasema ni Ijumaa, wakakaa Ijumaa. Mchana akasema ni mwezi wa kufunga, wakakaa bila kula mpaka aliposahau. Ghanima alianza kwa kumrekebisha, mwisho akachoka. Saa ya ukutani ilisimama naye hakuigusa. Watu wa sokoni, waliokuwa wakimsikia mama yake akimwita barabarani, nao wakaanza kumwita Mwanamvua, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Siku moja muuza samaki aliita, "Bi Mwanamvua, changu wako huyu!" na Ghanima akageuka, akapokea samaki, akashukuru, na akafika nusu ya njia kabla hajashtuka. Kisha ikaja asubuhi aliyoamka na viganja vinauma kama mtu aliyeshinda akivuta kamba zilizolowa. Hakuwahi kulima mwani maishani mwake. Alikaa kitandani akiitazama mikono yake kwa muda mrefu, akiogopa kuuliza ni ya nani.

Halafu Bi Raya akakataa chakula.

"Sili," alisema, akiisukuma sahani. "Siwezi kula mkononi mwa mtu niliyemdhulumu. Nisamehe kwanza."

Ghanima alifikiri ni hasira ya siku moja. Siku ya pili alimbembeleza kwa uji wa mtama. Siku ya tatu alimtia kijiko mdomoni, naye akakitema, akamtazama kwa macho ya huruma, kana kwamba Ghanima ndiye mgonjwa. Muuguzi alikuja akampa maji ya mshipa, akasema, "Dada, hili si la sindano. Mpe anachokitaka."

"Anachokitaka si changu kutoa."

"Basi kaa ukimtazama," alisema muuguzi, bila ubaya, akafunga mkoba wake.

Ilikuwa adhuhuri siku ya tano. Midomo ya Bi Raya ilikuwa imepasuka. Ghanima alipiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwita mama yake kwa jina.

"Raya."

Macho yakafunguka.

"Nimekusamehe."

"Kweli?"

"Kweli."

"Sema vizuri. Sema wewe nani."

Ghanima alihisi ulimi wake ni mzito kama si wake. "Mimi Mwanamvua binti Kombo," alisema. "Nimekusamehe, Raya. Yameisha."

Bi Raya alivuta pumzi ndefu, akaitoa, na uso wake ukatulia. Akaomba uji. Alikunywa mabakuli mawili, akalala, akaamka, akaomba wali. Juma lilipokwisha vidonda vilikuwa vinafunga na wanawake wa mtaani wanaisifu bahari. Ghanima hakuwabishia.

Lakini tangu siku ile Bi Raya hakumwita tena Mwanamvua. Hakumwita Ghanima pia. Alimwita "bibie." "Bibie, nisaidie kuinuka. Bibie, wewe kwenu wapi?" Ikawa kana kwamba mwenye jina lile amekwisha kusema lililongojwa, akaenda zake, akamwacha Ghanima mtupu, hana la kuazima wala la kwake. Alikuwa amedhani jambo la kutisha kuliko yote ni kuitwa kwa jina la mwingine. Sasa aliona kwamba hata hilo lilikuwa makazi.

*

Mwanamvua alikuja siku kumi baadaye, saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, kikapu cha plastiki mkononi. Hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo," alisema Ghanima, na kabla hajatajiwa jina alijua.

"Marahaba. Raya yu hai?"

"Yu hai. Karibu ndani, Bi Mwanamvua."

"Ngoja kwanza. Wewe ndiye uliyetuma ile sauti?"

"Ndiye mimi."

"Niliisikia siku nyingi. Nikaapa siji. Halafu nikasema hapana, nitakwenda nimwambie usoni. Miaka arobaini na moja nayapanga maneno haya. Nayasema nikipika, nayasema nikifua. Leo nitayasema mbele yake, kisha nirudi kwangu."

Ghanima angeweza kunyamaza. Aliufikiria ukimya huo kwa kitambo, akakumbuka siku tisa za mama yake, akaogopa. Akasema yote pale pale mlangoni.

Mwanamvua alisikiliza bila kupepesa. "Umemsamehe," alisema mwishowe. "Kwa jina langu."

"Alikuwa hali chakula."

"Mama yangu naye alikuwa hali. Alikuwa ananingoja nimlishe. Nilipofika, kaburi lina siku saba. Ndugu zangu hawakunipa hata mkono." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Ghanima. "Sikupata nguo yake, sikupata pete yake, waligawana vyote. Nilichobaki nacho cha mama yangu ni hasira ile. Na wewe umekichukua hicho ukakitoa, mwanangu, bila kuniuliza."

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Ungefanya nini?"

Wakasimama hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, na Ghanima akaona kwamba hajawahi kuishiwa kama siku ile. "Ingia," alisema. "Mwambie mwenyewe. Mwambie kwamba hujamsamehe. Sitakuzuia."

Bi Raya alikuwa ameketi kwenye mkeka wa ua wa ndani, akichambua mchele. Mwanamvua alisimama mbele yake, akakitua kikapu, akafungua kinywa. Bi Raya akainua uso. Kwanza alikunja kipaji, kama anayetazama jua. Kisha ungo ukamponyoka, mchele ukatawanyika mkekani, na mwanamke yule ambaye kwa miezi hakuweza kuinuka peke yake aliinuka peke yake.

"Ghanima!" alisema. "Ghanima mwanangu! Umekuja! Nao walisema huji!"

Akamkumbatia.

Mwanamvua alibaki wima, mikono imening'inia, macho yake juu ya bega la Bi Raya yakimtafuta Ghanima. "Ananiita nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Anakuita mimi."

 Jina ambalo Ghanima alilingoja kila asubuhi tangu alipofika, ambalo angetoa chochote kulisikia hata mara moja, lilikuwa limetoka, limetamkwa vizuri, lote zima, likamwendea mwanamke mwingine. Aliegemea nguzo.

"Bibie," Bi Raya alimgeukia, uso unang'aa, "hebu washa moto. Binti yangu ametoka bara, ana njaa. Mtengenezee wali na mchuzi wa samaki. Usitie pilipili, tangu mdogo hali pilipili. Na ukoko umwekee, anaupenda ukoko. Huyu akija mezani anauliza ukoko kwanza."

Ghanima akawasha moto. Akakuna nazi, akapika chakula alichokipenda yeye, kwa maelekezo ya mtu aliyekumbuka kila kitu juu yake isipokuwa uso wake, na moshi ulimsaidia. Kutoka pale jikoni aliwaona: Mwanamvua ameketishwa mkekani, Bi Raya amemshika kiganja, hakiachi.

Walipokuwa wanakula, Bi Raya alisogea karibu na mgeni wake, akapunguza sauti, ingawa Ghanima alikuwa pale pale akisikia.

"Nikwambie kitu, mwanangu? Siku uliyozaliwa nilimfanyia mtu ubaya."

Tonge la Mwanamvua likasimama njiani. "Ubaya gani?"

"Shoga yangu Mwanamvua. Nilimficha habari ya mama yake, nisibaki peke yangu na uchungu. Nimemwomba msamaha, naye amenipa, Mungu ambariki. Lakini wewe nakwambia kweli, maana mtoto haambiwi uongo. Nikirudishwa siku ile, nitanyamaza tena."

"Utanyamaza tena," alisema Mwanamvua polepole.

"Siku tisa. Hata ishirini. Ilikuwa yeye amwone mama yake au mimi nikuone wewe. Nilichagua. Si jambo zuri. Sikumwambia yeye hivyo, ningemuumiza bure."

"Na yeye? Ulimkumbuka baadaye?"

Bi Raya akaonekana kutafuta neno lililokwisha kupotea, halafu akalipata. "Sikuwa na shoga mwingine," alisema. "Wala sikutafuta. Kula, mwanangu."

Mwanamvua alilirudisha tonge sahanini. Aliinuka, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ghanima alimkuta amesimama nyuma ya nyumba, ameipa mgongo. Mbele yao maji yalikuwa yamepwa mbali sana, bahari imekuwa mstari tu, na katikati ni tope linalong'aa ambalo si la nchi kavu wala si la maji.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Angefanya tena." Mwanamvua alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena. "Unajua kitu gani? Wewe ulipokuwa unanieleza pale mlangoni jinsi alivyolia, nilisema moyoni, huyo si Raya. Raya hakuwa mtu wa kulia. Huyu sasa ndiye. Huyu wa 'nitanyamaza tena,' huyu ndiye niliyekula naye." Alicheka kidogo, kicheko kikamgeuka kinywani, akaweka kiganja mdomoni mpaka kikatulia. "Nimekuja na maneno yangu. Sasa niyaweke wapi? Niyaseme kwa nani?"

"Niambie mimi."

"Wewe ulikuwa hivi." Alipima hewani, urefu wa mkono. "Umejaa damu, unapiga kelele. Nilikuosha. Nilikupa jina. Ghanima, maana yake nyara, tulifurahi kwamba safari hii tumeyapora mauti. Hatukujua, au mimi sikujua, tulimpora nani mwingine. Nikwambie wewe nini?"

 Upepo ulileta harufu ya mwani uliooza kutoka kule kwenye tope.

"Sijamsamehe," alisema Mwanamvua.

"Najua."

"Wala sitamsamehe. Ule wako haunihusu."

"Siombi tena."

"Na sitakaa. Gari langu ni la alasiri."

"Nitakusindikiza."

Lakini Mwanamvua aliketi kwenye ngazi ya mlango, kwa taabu, goti moja baada ya jingine, na baada ya kusita Ghanima akaketi kando yake. Hawakutazamana. Walikaa kama watu wawili waliokuta kituo kimefungwa, kila mmoja akijua kwamba hakuna jambo ambalo mwenzake anaweza kumfanyia, na kwamba kuinuka kungekuwa kugumu zaidi. Ghanima alifikiri: huyu angekuwa na mama yake siku ile, mimi nisingekuwapo kukaa naye. Hakujua kama hilo ni la kushukuru au la kuomba radhi, na alipogeuka aliona kwamba Mwanamvua anamtazama, na huenda alikuwa akifikiri hilo hilo.

"Umefanana naye hapa," alisema Mwanamvua, akijigusa taya. "Mimi sikufanana naye hata kidogo. Sijui ameniona nini."

Kutoka ndani sauti ya Bi Raya iliita, yenye wasiwasi, kama ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sahani. "Ghanima! Ghanima, uko wapi?"

Ghanima alifungua kinywa kujibu. Akakifunga. Aligeuka akamtazama mwanamke aliyeketi kando yake, bila kuomba kitu.

Sauti ikaita mara ya pili.

"Labeka, mama," alisema Mwanamvua. "Niko hapa nje."

"Unaongea na nani huko?"

Mwanamvua alishusha pumzi. "Na shoga yangu," alisema.

"Mbona unamweka mlangoni? Mlete ndani, chakula kinapoa."

Mwanamvua aliinuka kwa kulishika bega la Ghanima, na uzito wake wote ulipita hapo. Akatangulia kuingia. Ghanima alivua viatu vyake, akavipanga ukutani kama afanyavyo mgeni, akapiga hodi katika nyumba alimozaliwa.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Raya, kama asemavyo mwanamke mtu mzima yeyote wa pwani kwa mwanamke yeyote aliye mdogo kwake, na akasogea kumpa nafasi mkekani.